Kunakili matamko katika Magic: The Gathering

Kunakili matamko ni utaratibu wa mchezo wa karata za kukusanya uitwao *Magic: The Gathering*. Kwa utaratibu huo mchezaji hutengeneza nakala ya tamko la kichawi lililokwisha kutamkwa, bila kuwa na karata ya pili ya tamko hilo. Nakala hufanya kazi ileile ya tamko la asili, lakini kwa mujibu wa kanuni haihesabiwi kuwa imetamkwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo msingi wa miunganiko mingi ya karata inayoweza kumaliza mchezo kwa zamu moja, na ndiyo chanzo cha mabishano mengi kati ya wachezaji.

Makala hii inaeleza kanuni kuu za kunakili, historia yake, baadhi ya miunganiko inayojulikana na njia za kuizuia.

## Maneno yanayotumika

*Magic: The Gathering* ulibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Tofauti na karata za kawaida 52, kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe alilolipanga kutoka katika maelfu ya karata zilizochapishwa. Katika aina nyingi za mchezo fungu huwa na karata zisizopungua 60, na kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai. Anayefikishwa kwenye sifuri ameshindwa. Vilevile hushindwa anayetakiwa kuchukua karata wakati fungu lake limekwisha.

Katika makala hii maneno yafuatayo yana maana maalumu:

* Tamko: karata yoyote isiyo ya ardhi tangu inapotolewa na kulipiwa hadi inapotekelezwa.
* Mana: nguvu ya kulipia matamko. Kwa kawaida hutoka katika karata za ardhi.
* Tamko la papo kwa papo: tamko linaloweza kutolewa karibu wakati wowote, hata katika zamu ya mpinzani.
* Tamko la zamu: tamko linalotolewa katika zamu ya mwenyewe tu, wakati hakuna kitu kingine kinachosubiri kutekelezwa.
* Shabaha: kitu au mchezaji anayelengwa na tamko.
* Tokeni: kitu kilichomo uwanjani kisichowakilishwa na karata halisi.
* Kubatilisha: kuondoa tamko kabla halijatekelezwa.

## Historia

Karata ya kwanza ya kunakili matamko ni *Fork*, iliyokuwamo katika toleo la kwanza kabisa la mchezo, liitwalo Alpha, mwaka 1993. Kwa mana mbili nyekundu, *Fork* hunakili tamko la papo kwa papo au tamko la zamu, na nakala hiyo huwa nyekundu hata kama tamko la asili lina rangi nyingine. Wakati huo kanuni zilikuwa na kundi la tatu la karata zilizoweza kuingilia kati haraka kuliko nyingine zote, na *Fork* ilikuwa mojawapo. Kundi hilo liliondolewa mwaka 1999, kanuni zilipoandikwa upya pamoja na Toleo la Sita, na *Fork* ikawa tamko la papo kwa papo.

*Fork* imo katika orodha ya karata ambazo kampuni imeahidi kutozichapisha tena. Kwa sababu hiyo kazi yake imerithiwa na karata nyingine. *Twincast* ya rangi ya buluu ilitoka mwaka 2005, *Reiterate* mwaka 2006 na *Reverberate* mwaka 2010. Hizi hazibadilishi rangi ya nakala.

Mwaka 2003 toleo la Scourge lilileta uwezo uitwao *Storm*, yaani dhoruba, ambao ulibadilisha kabisa namna ya kutumia nakala. Baadaye zikaja njia nyingine za kunakili zilizoandikwa ndani ya tamko lenyewe. *Replicate* ya mwaka 2006 humruhusu mchezaji kulipa gharama ya ziada mara nyingi apendavyo na kupata nakala kwa kila malipo. *Conspire* ya mwaka 2008 hutoa nakala kwa kutumia viumbe wawili wenye rangi moja na tamko. *Casualty* ya mwaka 2022 hutoa nakala kwa kutoa kafara kiumbe. Mwaka 2021 toleo la Strixhaven lilileta *Magecraft*, uwezo unaochochewa kila mchezaji anapotamka au kunakili tamko la papo kwa papo au la zamu.

## Rundo

Kunakili hakueleweki bila kwanza kuelewa rundo. Matamko hayatekelezwi mara tu yanapotolewa. Huwekwa kwenye rundo, moja juu ya jingine, na la juu ndilo linalotekelezwa kwanza. Mfano wake ni madaftari yaliyorundikwa juu ya meza ya mwalimu: lililowekwa mwisho ndilo linalosahihishwa mwanzo. Kila kitu kimoja kinapotekelezwa, wachezaji hupata tena nafasi ya kuongeza kingine juu.

Karata kama *Twincast* hulenga tamko lililomo kwenye rundo. Kwa kuwa *Twincast* imekuja baadaye, ipo juu, nayo hutekelezwa kwanza. Nakala inayotokea huwekwa juu ya rundo, kwa hiyo nakala hutekelezwa kabla ya tamko la asili.

Mpangilio huu una matokeo ambayo mgeni wa mchezo hayategemei. Tuseme Asha ametamka *Time Walk*, tamko linalompa mtamkaji zamu ya ziada. Juma anajibu kwa *Fork*. Nakala ni ya Juma, hivyo inampa Juma zamu ya ziada, nayo inatekelezwa kwanza. Kisha *Time Walk* ya Asha inatekelezwa na kumpa Asha zamu ya ziada. Kanuni zinasema kwamba zamu ya ziada iliyopatikana mwisho huchezwa kwanza. Kwa hiyo Asha anacheza zamu yake ya ziada kwanza, halafu Juma anafuata na yake.

## Kinachonakiliwa na kisichonakiliwa

Nakala huchukua sifa zote zilizoandikwa kwenye tamko la asili pamoja na maamuzi yaliyofanywa wakati wa kulitamka. Maamuzi hayo ni:

* shabaha zilizochaguliwa, na idadi yake;
* thamani ya X, kama gharama ina X;
* chaguo lililofanywa, kama tamko lina njia zaidi ya moja;
* mgawanyo wa madhara, kama tamko linagawa madhara kwa shabaha kadhaa;
* gharama za ziada zilizolipwa.

Mchezaji akitamka *Fireball* yenye X sawa na 5, nakala yake pia ina X sawa na 5, na anayenakili halipi tena mana hizo tano. Vivyo hivyo kwa *Rite of Replication*. Tamko hilo hugharimu mana nne na kutoa tokeni moja, lakini mtamkaji akiongeza mana tano hutoa tokeni tano. Nakala ya tamko lililoongezewa hutoa nayo tokeni tano. Hii ndiyo faida kubwa ya kunakili: mtu analipa mana mbili au tatu na kupata kazi ya mana tisa.

Mambo mengine hayanakiliwi. Mana zilizotumika kulipia tamko la asili hazihesabiwi kwa nakala. Kama tamko linauliza ni rangi ngapi za mana zilizotumika kulitamka, jibu kwa nakala ni sifuri.

Mwenye nakala ni yule aliyeitengeneza, hata kama tamko la asili ni la mpinzani. Neno "wewe" kwenye nakala humrejelea mwenye nakala.

### Shabaha mpya

Karata nyingi za kunakili humruhusu mwenye nakala kuchagua shabaha mpya. Anaweza kubadilisha shabaha zote, baadhi, au kuziacha zilivyo. Hata hivyo idadi ya shabaha haibadiliki. Tamko lililotolewa na shabaha moja lina nakala yenye shabaha moja, na lililotolewa bila shabaha lina nakala isiyo na shabaha. Kila shabaha mpya lazima iwe halali kwa tamko hilo. Kama karata haitaji ruhusa ya kuchagua shabaha mpya, nakala hubaki na shabaha zilezile.

### Mwisho wa nakala

Baada ya kutekelezwa au kubatilishwa, nakala hutoweka. Haiendi mkononi wala makaburini, kwa kuwa haina karata halisi. Tangu mwaka 2020 kanuni zinaruhusu pia nakala za matamko ya vitu vinavyobaki uwanjani, kama viumbe. Nakala ya namna hiyo inapotekelezwa hugeuka kuwa tokeni.

## Kutamka na kunakili si kitu kimoja

Kutamka ni kitendo chenye hatua zake: karata hutolewa, shabaha huchaguliwa, gharama hulipwa. Nakala inayotengenezwa moja kwa moja kwenye rundo haipiti hatua hizo. Kwa sababu hiyo:

1. uwezo unaochochewa "unapotamka tamko" hauchochewi na nakala;
2. nakala haiongezi hesabu ya matamko yaliyotamkwa katika zamu;
3. karata inayokataza kutamka zaidi ya tamko moja kwa zamu, kama *Rule of Law*, haizuii nakala.

Pamoja na hayo nakala ni tamko kamili inapokuwa kwenye rundo. Inaweza kubatilishwa, inaweza kulengwa, na yenyewe inaweza kunakiliwa.

Ipo hali moja inayofanana na hii lakini ina kanuni tofauti. Baadhi ya karata hunakili *karata*, kisha humruhusu mchezaji *kuitamka* nakala hiyo. *Isochron Scepter* ya mwaka 2003 ni mfano. Hapo nakala imetamkwa kweli, ijapokuwa bila kulipiwa. Huhesabiwa miongoni mwa matamko ya zamu hiyo, huchochea uwezo unaohusu kutamka, na huzuiwa na *Rule of Law*. Kama gharama yake ina X, basi X ni sifuri, kwa kuwa haikulipiwa. Anayesoma karata ya kunakili anapaswa kutafuta kwanza kama neno "tamka" limo au halimo.

## Storm

Tamko lenye *Storm*, linapotamkwa, hutengeneza nakala zake kwa idadi ya matamko yaliyotamkwa kabla yake katika zamu hiyo. Matamko ya wachezaji wote huhesabiwa, na hata yaliyobatilishwa huhesabiwa. Nakala za *Storm* hazikutamkwa, kwa hiyo hazizalishi nakala nyingine.

Kama matamko yaliyotangulia ni *n*, jumla ya matamko yatakayotekelezwa ni *n* + 1. Kwa hesabu hiyo mchezaji anaweza kujua anahitaji matamko mangapi:

* *Tendrils of Agony* humwondolea mpinzani pointi 2 za uhai na kumpa mtamkaji pointi 2. Kwa mpinzani mwenye pointi 20 yanahitajika matamko 10 kwa jumla, yaani 9 kabla yake.
* *Grapeshot* hutoa dhara 1. Kwa pointi 20 yanahitajika 20, yaani 19 kabla yake.
* *Brain Freeze* hutupa makaburini karata 3 za juu za fungu. Mpinzani mwenye fungu la karata 60 aliyechukua karata 7 za mwanzo amebakiwa na 53. Kwa kuwa 3 × 17 ni 51 na 3 × 18 ni 54, yanahitajika 18, yaani 17 kabla yake.

*Tendrils of Agony* na *Brain Freeze* zilitoka mwaka 2003, na *Grapeshot* mwaka 2006.

*Storm* ni uwezo unaochochewa, nao hukaa kwenye rundo peke yake, juu ya tamko lenyewe. Kumbatilishia mpinzani tamko la asili hakusaidii sana, kwani nakala zote hutokea hata hivyo.

## Miunganiko inayojulikana

### Dualcaster Mage na Heat Shimmer

*Dualcaster Mage* ni kiumbe wa mwaka 2014 mwenye gharama ya mana tatu, nguvu 2 na ustahimilivu 2. Anaweza kutamkwa wakati wowote kama tamko la papo kwa papo, na anapoingia uwanjani hunakili tamko moja la papo kwa papo au la zamu lililomo kwenye rundo. *Heat Shimmer* ni tamko la zamu la mana tatu linalotoa tokeni ya nakala ya kiumbe mmoja. Tokeni hiyo inaweza kushambulia mara moja, na huondolewa zamu inapokwisha. Hatua ni hizi:

1. Mchezaji anatamka *Heat Shimmer* akimlenga kiumbe yeyote aliyepo uwanjani, hata wa mpinzani.
2. Kabla halijatekelezwa, anamtamka *Dualcaster Mage*, ambaye yuko juu ya rundo na hivyo anaingia uwanjani kwanza.
3. Uwezo wa *Dualcaster Mage* unainakili *Heat Shimmer*. Nakala inapewa shabaha mpya: *Dualcaster Mage* mwenyewe.
4. Nakala inatekelezwa na kutoa tokeni ya *Dualcaster Mage*. Tokeni hiyo inapoingia, uwezo wake unainakili tena *Heat Shimmer* ya asili, ambayo bado ipo chini kwenye rundo.
5. Hatua ya 4 inarudiwa kadiri mchezaji anavyotaka.

Kwa mana sita mchezaji anapata tokeni kumi, mia au elfu. Tokeni kumi zenye nguvu 2 zisipozuiwa zinatosha kuondoa pointi 20 za uhai.

*Twinflame* ya mwaka 2014 hufanya kazi hiyohiyo kwa mana mbili tu, lakini ina mtego. Tamko hilo hulenga "idadi yoyote" ya viumbe wa mtamkaji, na sifuri ni idadi. Mchezaji asiye na kiumbe anaweza kulitamka bila shabaha, lakini nakala zake zote zitakosa shabaha, na muunganiko hautafanya kazi. Ni lazima awe na kiumbe mmoja kabla ya kuanza.

### Reiterate na Mana Geyser

*Reiterate* hugharimu mana tatu. Mchezaji akilipa tatu za ziada, karata hurudi mkononi baada ya kutekelezwa. *Mana Geyser* ni tamko la mana tano linalotoa mana nyekundu moja kwa kila ardhi ya wapinzani iliyokwisha kutumika.

Mchezaji anatamka *Mana Geyser*, kisha anajibu kwa *Reiterate* ya mana sita. Nakala ya *Mana Geyser* inatekelezwa na kutoa mana, wakati *Reiterate* imekwisha kurudi mkononi na *Mana Geyser* ya asili bado inasubiri kwenye rundo. Kwa mana zilizopatikana anatamka *Reiterate* tena.

Hesabu huamua kila kitu. Wapinzani wakiwa na ardhi 7 zilizotumika, kila mzunguko unaingiza mana 7 na kutumia 6, faida ni 1. Ardhi zikiwa 6 hakuna faida ya mana, ila kila *Reiterate* imetamkwa kweli na inaongeza hesabu ya *Storm*. Zikiwa 5 kila mzunguko unapoteza mana 1 na utakatika. Kuanza kunahitaji mana 11: tano za *Mana Geyser* na sita za *Reiterate* ya kwanza.

### Matamko mawili ya kunakili

Tamko haliwezi kujilenga lenyewe, lakini nakala ya tamko inaweza kulilenga tamko la asili, kwa kuwa ni vitu viwili tofauti. Tuseme kuna tamko lolote kwenye rundo, na mchezaji analilenga kwa *Twincast*. Kisha anailenga *Twincast* hiyo kwa *Reverberate*. *Reverberate* inatengeneza nakala ya *Twincast*, nayo inapewa shabaha mpya: *Twincast* ya asili. Nakala hiyo inatengeneza nakala nyingine ya *Twincast*, ambayo nayo inailenga *Twincast* ya asili, na kuendelea.

Mzunguko huu peke yake hauna faida. Unahitaji karata inayolipa kwa kila nakala. *Storm-Kiln Artist* ya mwaka 2021 ina *Magecraft*, na hutoa tokeni ya hazina kila mwenyewe anapotamka au kunakili tamko. Hazina moja huvunjwa ili kupata mana moja, kwa hiyo mchezaji anapata mana bila kikomo.

### Chain of Smog na Magecraft

*Chain of Smog* ya mwaka 2002 hugharimu mana mbili. Mchezaji aliyelengwa hutupa karata mbili kutoka mkononi, kisha anaweza kulinakili tamko hilo na kuchagua shabaha mpya. Kwa miaka mingi ilitumiwa dhidi ya mpinzani, naye hujibu kwa kuirudisha.

Ujio wa *Magecraft* uliigeuza. Mwenye *Professor Onyx* uwanjani hujilenga mwenyewe. Kila anapotamka au kunakili, kila mpinzani hupoteza pointi 2 za uhai, naye hupata 2. Anatupa karata zake, anainakili, anajilenga tena. Hata asipobakiwa na karata ya kutupa, ruhusa ya kunakili haiondoki. Mpinzani mwenye pointi 20 anashindwa kwa kutamka mara moja na kunakili mara 9. Kwa *Witherbloom Apprentice*, inayoondoa pointi 1 tu, ni kutamka mara moja na kunakili mara 19.

### Isochron Scepter na Dramatic Reversal

*Isochron Scepter* huhifadhi karata moja ya papo kwa papo yenye gharama isiyozidi mana mbili. Kwa mana mbili, mwenyewe hunakili karata hiyo na anaweza kuitamka nakala bila kuilipia. *Dramatic Reversal* ya mwaka 2016 huviamsha tena vitu vyote vya mchezaji visivyo ardhi vilivyokwisha kutumika, pamoja na *Isochron Scepter* yenyewe.

Mchezaji akiwa na vifaa vinavyotoa mana 3 au zaidi, kwa mfano *Sol Ring* inayotoa 2 na *Arcane Signet* inayotoa 1, kila mzunguko unatumia mana 2 na kuzalisha 3. Faida ni mana 1 kila mara, na kwa kuwa hapa nakala hutamkwa, hesabu ya *Storm* nayo inapanda.

## Mizunguko katika mashindano

Wachezaji husema muunganiko "hauna mwisho", lakini kanuni hazikubali neno hilo. Mchezaji anaeleza hatua za mzunguko mmoja, kisha anataja idadi kamili ya marudio, iwe elfu au milioni. Mpinzani anaweza kukubali, au kutaja hatua ambapo angependa kuingilia kati. Hakuna haja ya kurudia hatua hizo moja baada ya nyingine mezani.

Utaratibu huu wa mkato unakubalika tu pale ambapo matokeo ya kila mzunguko yanajulikana mapema. Mzunguko unaotegemea bahati, kama kuchanganya karata na kuona kitakachotokea, hauwezi kufupishwa kwa njia hiyo.

Mzunguko unaojumuisha hatua za lazima tu, usio na njia ya kuukatisha, hufanya mchezo kuwa sare. Mizunguko mingi ya kunakili haiangukii hapo, kwa sababu mchezaji ana hiari: anaweza kutonakili, au kuipa nakala shabaha nyingine na mzunguko ukakoma.

Suala la mizunguko limewavutia pia wanasayansi wa kompyuta. Mwaka 2019 Alex Churchill, Stella Biderman na Austin Herrick walichapisha uthibitisho kwamba *Magic: The Gathering* unaweza kutumika kama mashine ya Turing. Maana yake ni kwamba zipo hali za mchezo ambazo hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuamua katika kila hali kama zitafika mwisho au la.

## Kuzuia miunganiko

Ulinzi hutegemea kujua ni sehemu gani ya muunganiko iliyo dhaifu, na ni wakati gani wa kuigusa.

* Kuondoa shabaha. Katika muunganiko wa *Dualcaster Mage*, wakati mzuri ni pale nakala ya kwanza ya *Heat Shimmer* inapokuwa kwenye rundo ikimlenga. Akiuawa hapo, nakala inakosa shabaha halali na haifanyi kitu. Mpinzani akichelewa, tokeni zilizokwisha kutoka zinabaki.
* Kubatilisha tamko la asili. *Heat Shimmer* ya asili ikibatilishwa, *Dualcaster Mage* hana tena cha kunakili.
* Kubatilisha nakala. Nakala ya *Chain of Smog* ikibatilishwa kabla haijatekelezwa, mnyororo unakatika hapohapo.
* Kubatilisha uwezo. *Stifle*, iliyotoka katika toleo lilelile la Scourge, hubatilisha uwezo uliochochewa. Ikilenga uwezo wa *Storm*, nakala zote hazitokei, na linabaki tamko moja tu.
* Kushughulikia nakala zote. *Mindbreak Trap* ya mwaka 2009 huondoa idadi yoyote ya matamko kwenye rundo. *Flusterstorm* ya mwaka 2011 yenyewe ina *Storm*, hivyo hujibu nakala kwa nakala.
* Kuzuia mapema. *Torpor Orb* huzuia uwezo unaochochewa na viumbe kuingia uwanjani. *Rule of Law* huzuia miunganiko inayohitaji kutamka mara nyingi, lakini haimzuii mwenye *Professor Onyx* uwanjani, kwani anatamka *Chain of Smog* mara moja tu.

## Marufuku

Baadhi ya karata hizi zimepigwa marufuku katika aina fulani za mchezo. Katika Pauper, aina inayotumia karata za kawaida zisizo adimu, *Grapeshot* na *Empty the Warrens* zilipigwa marufuku mwaka 2013. *Chatterstorm*, karata nyingine ya *Storm*, ilitoka mwaka 2021 na kupigwa marufuku humo mwaka huohuo.

Mark Rosewater, mbunifu mkuu wa mchezo huo, hutumia kipimo cha 1 hadi 10 kueleza uwezekano wa utaratibu wa zamani kurudi katika matoleo makuu mapya. Kumi ni uwezekano mdogo kabisa. Kipimo hicho kinaitwa kipimo cha *Storm*, kwa kuwa *Storm* ndiyo iliyopewa kumi.

## Makosa ya kawaida

* Kudhani nakala inalipiwa upya. Hailipiwi, anayelipa hulipia karata ya kunakili tu.
* Kuhesabu nakala katika *Storm*. Huhesabiwa matamko yaliyotamkwa tu.
* Kuacha tamko la asili litekelezwe mapema. Miunganiko mingi iliyotajwa hapa inalihitaji libaki chini ya rundo hadi mwisho. Likishatekelezwa hakuna tena cha kunakili.
* Kuongeza idadi ya shabaha kwenye nakala. Shabaha hubadilishwa, haziongezwi.
* Kutotaja idadi ya marudio. Anayesema "milele" hajakamilisha maelezo yake, na mwamuzi atamtaka ataje namba.